Usifomati kadi hiyo: kwa anayeanza mradi wa picha moja kila siku Nairobi

Usifomati kadi hiyo. Umeuliza maswali manne: lenzi gani inafaa, mwanga wa katikati ya jiji ni mzuri saa ngapi, kama ni lazima kumwomba ruhusa mwenye gari kuukuu kabla ya kulipiga picha, na namna ya kuishi kwa amani na askari wa kaunti. Kisha katikati ya maelezo yako, kama mtu anayetaja jambo dogo, umeandika kwamba kila jioni unachagua picha moja, unaituma kwenye simu kwa programu ya ujumbe, unaipakia kwenye ukurasa wako, halafu unafomati kadi ya kamera, yaani unaifuta yote, ili kesho uanze upya, kwa sababu kompyuta imejaa na picha "tayari ziko mtandaoni". Wote waliokujibu kabla yangu wamejadili lenzi. Mimi nimeishia kwenye sentensi hiyo, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyofanya kwa miaka kadhaa, hatua kwa hatua, nikijiona mtu mwenye mpangilio.

Kamera yako, kwa maelezo yako mwenyewe, ni ya megapikseli 24, yaani kila picha ina pikseli 6,000 kwa 4,000. Picha ya namna hiyo ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, kipimo ambacho wachapaji hukipenda, inafikia urefu wa sentimita 50 bila kulegea. Ukiipitisha kwenye programu ya ujumbe kwa njia ya kawaida, inatokea upande wa pili ikiwa na pikseli 1,600 hivi kwa upande wake mrefu. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za ulichopiga zimetupwa, na kilichobaki, kwa kipimo kilekile cha mchapaji, kinatosha karatasi ya sentimita 13 na nusu. Ukurasa wa mtandao wa kijamii unapoipokea, unaibana tena. Njiani humo hufutwa pia taarifa ambazo kamera iliziandika ndani ya faili: tarehe, saa, lenzi na kasi ya shata. Kwenye simu hutaona tofauti yoyote, maana kioo cha simu ni kidogo na marafiki wanaobonyeza alama ya kupenda ni wakarimu.

Mimi eneo langu lilikuwa Grogan. (Najua kibao kinasema Kirinyaga Road, lakini ukimwuliza fundi wa pale njia ya Kirinyaga atakuelekeza kwenye matatu za Kerugoya, huko Kaunti ya Kirinyaga.) Nilikuwa nikipita asubuhi kabla ya kazi na kupiga chochote kilichokuwa kimeegeshwa mbele ya maduka ya vipuri: Peugeot 504 zilizozibwa viraka vya bati, Volkswagen za injini ya nyuma, Datsun 1200 za pikapu, Land Rover ambazo kila mlango una rangi yake. Kulikuwa pia na lori la Bedford lenye namba za zamani, zile za herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, ambalo mwenyewe alilipangusa boneti kila asubuhi ingawa sikuwahi kuliona likiwaka. Siku ambazo Grogan haikuwa na jipya, nilipiga majengo: maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, Kipande House, msikiti wa Jamia, jengo la mikutano la KICC kutoka kila pembe ambayo mtu anaweza kusimama bila kugongwa na bodaboda. Nikapakia, nikafuta, nikalala vizuri.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa vipuri akaniandikia. Alikuwa akiufuata ukurasa wangu na alitaka picha 12 za magari kuukuu kwa ajili ya kalenda ya ukutani ambayo angewagawia wateja wake mwezi wa Desemba, na wewe unajua kwamba katika nchi hii nyumba inaweza kukosa saa lakini haikosi kalenda ya duka. Alitaka ukubwa wa A3, picha ijae ukurasa wote, na chini ya kila picha maelezo mafupi ya gari, mahali na mwaka ilipopigwa. Alinitumia malipo ya awali siku hiyohiyo, nami siku hiyohiyo nikayageuza kuwa lenzi. Ndiyo maana sina hamu ya kukushauri kuhusu lenzi.

Mchapaji alizifungua faili zangu, akanyamaza kidogo, akaniomba nimletee picha zenyewe. Nikamwambia kwamba hizo ndizo zenyewe. Akaikuza moja hadi ukubwa wa A3 ili nijionee: taa za mbele za ile 504 zilikuwa zimevunjika kuwa vijiraba, namba ya gari haikusomeka, na uso wa fundi aliyeegemea mlango ulikuwa na ukungu wa kijivu. Nilijaribu kumweleza kwamba huo ni mtindo wa kisanaa. Hakucheka. Akanifanyia hesabu kwenye kipande cha karatasi: pikseli 1,600 zikitandazwa kwenye sentimita 42 za A3 zinatoa nukta 97 kwa inchi, na yeye kwa kalenda asingekubali chini ya 200. Programu za kukuza picha zipo, na nilizijaribu usiku kucha, lakini programu haiwezi kurudisha nati ambayo haimo kwenye faili. Inabuni nati yake, na mtu wa vipuri ndiye mtu wa mwisho duniani wa kumpelekea nati ya kubuni.

Jibu rahisi lilikuwa kurudi nikapige upya, na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa nilichokifanya. Lori la Bedford lilikuwa limekatwakatwa na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Zile 504 zilikuwa zimetawanyika, moja ikiwa imegeuzwa ghala la vipuri vya zenzake, bila milango wala boneti. Picha niliyoitegemea iwe ya Januari, Volkswagen ya rangi ya maziwa ikipita Uhuru Highway chini ya anga tupu, haiwezekani tena kabisa, kwa sababu tangu ujenzi wa barabara ya juu uanze mwaka 2020 anga hiyo ina nguzo na zege. Magari yalianza kupita juu yake Mei 2022, na kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands zikawa na sura nyingine. Nilikuwa na picha za barabara hiyo kabla ya nguzo ya kwanza, nikazifuta kwa hiari yangu, ili kupata nafasi kwenye kadi ya picha nyingine ambazo nazo nilizifuta.

Kuna vitu vinavyomngoja mpiga picha. Ile injini ya treni ya mvuke, Garratt namba 5918 iitwayo Mount Gelai, iliyoko Makumbusho ya Reli, ilitengenezwa Manchester katika miaka ya 1950 na ina uzito wa tani 250 hivi, kwa hiyo haiondoki leo wala kesho. Magari yanayong'arishwa kwa ajili ya mashindano ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse yana wenye fedha na gereji, na mengi utayaona tena mwaka ujao yakiwa na rangi mpya. Gari la kuhofia ni lile la mtaani, lisilo na bima, lenye mwenye nyumba anayetaka liondolewe. Hilo ndilo mradi wako unalipiga kila siku, na ndilo ambalo faili yako inaweza kuwa ushahidi wa mwisho kwamba liliwahi kuwa na magurudumu.

Na hata zile picha chache ambazo mchapaji angeweza kuzipunguza na kuzitumia ndogo zilikosa maelezo. Ukurasa ulinionyesha tarehe ya kupakia, basi. Niliyopiga Jumatatu nikapakia Alhamisi ilisomeka Alhamisi, na zile nilizopakia upya baada ya kubadilisha ukurasa zilisomeka zote kuwa za siku moja, kana kwamba nilizunguka Nairobi nzima kabla ya chakula cha mchana. Nilirudisha malipo ya awali. Lenzi niliiuza kwa hasara kwa kijana ambaye leo, nasikia, anapiga kalenda.

Sasa nimzungumzie aliyenifundisha ujinga huu, maana sikuzaliwa nao. Nilimlipa ada mwalimu wa darasa la Jumamosi, mtu mwenye begi kubwa na fulana yenye mifuko mingi, naye akatufundisha kwa sauti ya uhakika kabisa kwamba picha iliyopakiwa ni picha iliyohifadhiwa, kwamba kadi tupu ni dalili ya mpiga picha makini, na kwamba anayelundika faili ana tatizo la kisaikolojia. Baadaye sana ndipo nilipotambua kwamba yeye alikuwa mpiga picha wa harusi. Mpiga picha wa harusi akishakabidhi kazi na kulipwa, ghala lake ni bibi harusi. Mama yake anazo, shangazi anazo, kamati nzima inazo, na miaka ishirini baadaye zitakuwa kwenye albamu chini ya meza ya kioo. Peugeot ya Grogan haina shangazi. Hakuna mtu mwingine aliyekabidhiwa picha yako, na mwalimu yule, pamoja na mifuko yake yote, hakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kupiga kitu ambacho hakijamlipa.

Hoja yako ya kompyuta kujaa haina miguu, na nitakuonyesha kwa hesabu. Faili ya JPEG kutoka kamera ya megapikseli 24 ina megabaiti 10 hivi. Ukihifadhi ile moja unayoichagua kila siku, mwaka mzima ni gigabaiti 3.7, ambazo zinaingia kwenye kijiti kidogo cha USB kinachouzwa kando ya chaja za simu. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, ya megabaiti 25 na ukahifadhi 20 kila siku, mwaka mzima ni gigabaiti 182 au 183. Diski ya nje ya terabaiti moja itakubeba miaka mitano. Nawe ulikuwa tayari kununua lenzi. Acha lenzi, nunua diski mbili.

Kanuni yangu ni moja, na niliinunua kwa bei ya kalenda: kadi haifomatiwi mpaka faili zenyewe, kama zilivyotoka kwenye kamera, zikae mahali pawili nje ya kamera, na mahali pamojawapo kati ya hapo pasiwe nyumbani kwako. Diski moja kaa nayo. Nyingine mpelekee dada yako Rongai, au kazini kwenye droo inayofungwa, mbadilishane kila mwisho wa mwezi, kwa sababu mwizi akiingia nyumbani hachukui kompyuta akaacha diski iliyo pembeni yake. Folda ziite kwa tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe. Usiku huohuo andika mstari mmoja ndani ya faili, kwenye sehemu ya maelezo: gari gani, mtaa gani, mwenyewe alisema nini. Kagua saa ya kamera pia, maana betri ikikauka kabisa kamera nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na utajikuta na picha za mwaka ambao hukuwa na kamera. Kutuma kwenye simu tuma, pakia upendavyo, lakini hiyo ni nakala ya maonyesho tu.

Kuhusu ruhusa, mwombe mwenye gari. Atakwambia namba ya injini na historia ya ukoo wake, nawe utapata maelezo ya kuandika. Kuhusu lenzi, iliyo kwenye kamera yako inatosha.

Lililo la haraka ni hili. Umeandika kwamba ulifomati kadi jana usiku na kwamba leo hujatoka kwa sababu ya mvua. Basi kwa kawaida bado picha zimo: kamera nyingi zikifomati hufuta orodha ya faili tu, na data yenyewe hubaki mpaka picha mpya iandikwe juu yake. Chomoa kadi sasa hivi, usipige hata picha ya kujaribu. Iingize kwenye kompyuta, pakua programu ya PhotoRec, ambayo haina malipo, ielekeze isome kadi hiyo, na faili zitakazopatikana zielekeze kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Zitatoka na majina ya ajabu yasiyo na mpangilio, lakini tarehe za ndani kwa kawaida zitakuwemo, na utaweza kuzipanga. Picha ya Peugeot 404 uliyoipakia Jumanne nimeiona. Hiyo ndiyo aina ya gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kutoka 1966 hadi 1968, na hilo lako bado lina bampa yake ya mbele. Anza kutafuta hiyo, kisha uandike hapa ni ngapi zimerudi. Kama kompyuta yako haina nafasi ya kuzipokea, niko Ngara mpaka saa mbili usiku, nina diski.