Uliza Shangazi: Familia nzima juu ya gurudumu kubwa

Meseji za wiki hii karibu zote ni za yale magurudumu makubwa ya kupanda na kuangalia mji kutoka juu, naona wengi mmepanga kutoka na watoto. Za bei na tiketi sijazigusa maana kila gurudumu lina utaratibu wake na unabadilika kila leo, hizo muulize penyewe. Nimechukua zile ambazo mtu akizijua kabla hajatoka nyumbani zinamsaidia.

Shikamoo shangazi. Tunataka kwenda kupanda gurudumu familia nzima, mimi na mume wangu, watoto watatu (11, 7 na wa mwisho 3) pamoja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Nimeambiwa lile gurudumu halisimami, unaingia huku linatembea, sasa mama mkwe ataruka vipi? Alafu mume wangu anaogopa kuwa juu ila hasemi, ghorofani tu hakaribii dirisha, na ashawaahidi watoto kwamba atapanda nao. Nifanyeje? – Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu. Tuanze na mama mkwe maana hilo ni jepesi. Kweli kwenye haya magurudumu makubwa ya siku hizi mara nyingi halisimami, lakini mwendo wake ni wa kinyonga. London Eye ya Uingereza inatembea sentimita 26 kwa sekunde, hata kilomita moja kwa saa haifiki, huyo wako wa miaka 3 akiamua kukukimbia anaipita. Na hakuna kuruka, sakafu ya kibanda inapita usawa wa jukwaa, unapiga hatua unaingia basi. Kwa mzee wa magoti au mtu wa kiti cha magurudumu wahudumu wanalipunguza mwendo au wanalisimamisha kabisa, ila uwaambie mkiwa bado kwenye foleni, sio mama ashainua mguu mmoja ndo unaanza kupunga mkono. Kigari cha mtoto pia uliza mapema kama kinakunjwa au kinabaki chini. Akishaingia ndani mpeleke kwenye benchi la katikati akae, vibanda vya aina hiyo vinabeba watu 25 na wengi wao watakimbilia vioo, kwa hio benchi huwa linabaki tupu.

Sasa baba watoto. Hapa usiniletee mambo ya kumpa moyo mbele ya watoto, ongea nae mkiwa wawili tu na umuambie hiki ninachokuambia, kwamba kwenye gurudumu hakuna kushuka katikati. Lifti unaweza kutoka ghorofa ya tatu, basi unaweza kuomba kushuka kituo cha mbele, ila hapa mlango ukifungwa unafunguliwa mzunguko ukiisha, na London mzunguko mmoja ni dakika 30. Kwa hio uamuzi wote unafanyika chini.

Akiamua kupanda, ajue ugumu uko wapi. Watu wengi wanadhani kileleni ndo pabaya, mi naona sio. Chukua gurudumu la dakika 30. Dakika 5 za kwanza unapanda robo tu ya kimo maana unakwenda zaidi pembeni kuliko juu, dakika 5 zinazofuata unapanda nusu nzima ya kimo, hapo ndo ardhi inakimbia na tumbo linapanda, alafu kuanzia dakika ya 10 mpaka ya 20 uko kule juu unazunguka taratibu na unaona kama vile limeganda. Yaani akivumilia hizo dakika 5 za kati kwenye kupanda, mbele kunatulia mpaka zije dakika kama hizo za kushuka, na kushuka wengi wanakuvumilia maana wanaona mwisho unakuja. Akae benchi moja na mama yake, atazame mbali kule ardhi inapokutana na mbingu, asitazame miguuni, na asisimame pale kioo kinapoanzia sakafuni. Watoto wasimzunguke kumuonyesha nyumba.

Na akiamua kubaki chini abaki, sioni aibu yoyote, mtu wa kubaki na mabegi na kigari anahitajika, na watoto wanafurahi kumtafuta baba yao kutoka juu. Ila wewe usije ukaligeuza hadithi ya kuchekesha wageni, ntakuja hapo kwenu mwenyewe.

Shangazi habari za kazi. Tulishafika mlangoni, binti yangu wa miaka 6 akagoma, akashika chuma cha foleni akalia mpaka watu wakageuka. Tiketi nishalipa. Nikambeba nikaingia nae kwa nguvu. Alilia robo ya safari alafu akanyamaza, akaanza kuangalia magari. Mke wangu bado amenuna mpaka leo, anasema nilikosea. Nani yuko sawa? – Baba K.

Mkeo. Na usiniambie eti mwisho alinyamaza, mtoto wa miaka 6 aliyebebwa akafungiwa atanyamaza tu, mara nyingine kweli ameacha kuogopa na mara nyingine ameona kulia hakusaidii, na wewe kwa nje huwezi kujua ni kipi. Wako inaonekana alipoa kwa sababu umesema alianza kuangalia magari, hiyo ni bahati mshukuru Mungu. Angeendelea kulia mngekaa nae hivo mpaka mwisho, nyie na wageni wengine mlioingia nao kibanda kimoja ambao hawajakukosea kitu.

Tiketi ikishalipwa imelipwa, haimhusu mtoto. Safari nyingine fikeni mapema mkae pale chini mtazame vibanda vikishuka, aone watu wanatoka wazima wanacheka, umuonyeshe mlango unavyofungwa, umuambie ukweli kwamba ukifungwa hatutoki mpaka tumalize na tutamaliza baada ya muda fulani. Watoto wengi wanaogopa kitu ambacho hakijaelezwa mwisho wake. Akisema hapana, mmoja wenu anabaki nae, mwingine anapanda, basi. Sasa nenda kamuombe mkeo radhi, hilo la kununa litaisha.

Shangazi mwanangu ana maswali jamani. Tukipita karibu na gurudumu anauliza kwa nini halianguki, nani analisukuma, na nani alianza. Mi nasema tu "ni injini", naona hata yeye haniamini. Nisaidie. – Mama wa Maswali

Ana haki ya kutokukuamini. Mgeuzie baiskeli juu chini, ndo shule yenyewe. Ekseli ya baiskeli haikukalia zile spoku za chini kama mtu anavyokalia kigoda, imening'inia kwenye spoku za juu, zote zimevutwa zikakaza na kukaza huko ndo kunaishika ringi isipinde. London Eye ni hivohivo, nyaya za chuma badala ya spoku, na nguzo zake zimesimama upande mmoja tu, upande wa pili liko wazi juu ya mto. Kulisukuma sasa, hili atalipenda, kule chini kuna matairi ya kawaida ya lori yanaibana ringi huku na huku, mota zinayazungusha matairi na matairi yanaisukuma ringi. Katikati hakuna injini. Na lilipojengwa walilaza gurudumu zima juu ya mto Thames, wakaliunganisha likiwa limelala, alafu 1999 wakalivuta kwa nyaya mpaka likasimama.

Nani alianza haya makubwa, jina ni George Ferris, injinia wa Marekani. Paris walikuwa wamejenga mnara wa Eiffel kwa ajili ya maonyesho ya 1889, sasa Chicago nao walikuwa na maonyesho yao 1893 wakataka kitu cha kuwafumba midomo Wafaransa. Ferris akaja na gurudumu la mita 80 hivi, mabehewa 36, kila behewa watu 60, piga hesabu mwenyewe utapata watu 2,160 kwa mpigo mmoja na wote wanazungushwa kwa injini za mvuke. Watu walimuona hana akili timamu. Gurudumu likaanza kuzunguka Juni, maonyesho yakiwa yashafunguliwa, likaendelea mpaka yakaisha, yeye mwenyewe akafariki 1896 akiwa na miaka 37 tu, na 1906 gurudumu likalipuliwa kwa baruti likauzwa chuma chakavu. Hiyo ya mwisho msimulie mchana, wengine wanaiota usiku.

Kama anataka kuona la zamani ambalo bado linazunguka muambie lipo Vienna kule Austria, la mwaka 1897, halifiki hata mita 65, vita vya pili vya dunia vililiunguza 1944 wakalijenga tena lakini mabehewa wakarudisha nusu tu, 15 badala ya 30.

Shangazi, gurudumu tulilopanda lilisimama tukiwa karibu na kilele, hakuna aliyetuambia kitu kwa muda mrefu, mama yangu presha ikapanda na dawa ziko kwenye begi tuliloacha chini. Hii ni kawaida? – Mjukuu Mkubwa

Kusimama ni kawaida, kukaa kimya sio kawaida na hapo una haki ya kulalamika kwa wenye gurudumu, waandikie kabisa. Mara nyingi linasimama kwa sababu chini kuna mtu anasaidiwa kupanda, kama vile mama mkwe wa huyo wa kwanza, au upepo umezidi. Radi ikikaribia wanaacha kupakia watu.

Kukwama kwenyewe hasa ni nadra ila kumewahi kutokea, sikufichi. Desemba 2008 gurudumu la Singapore, lile la mita 165, moto ulitokea kwenye chumba cha mitambo, watu 173 wakakwama juu kama masaa sita, wengine wakashushwa kwa kamba. Hakuna aliyekufa. Baada ya hapo wakaongeza mitambo ya akiba. Sikwambii ili uogope, nakwambia kwa sababu ya lile begi. Dawa ya presha, ya pumu, ya kisukari, inakaa mfukoni kwa mgonjwa mwenyewe, haiachwi kwa mtu aliyebaki chini wala kwenye gari. Maji kidogo kama wanaruhusu. Na choo, jamani, choo! Kila mtu apite chooni kabla ya foleni hata anayesema hana haja, huyo ndo wa kwanza kuanza kujikunyata mkifika katikati. Na ingieni mkitafuta kwa macho kile kitufe cha kuongea na wahudumu, vibanda vingi vya kufunga vinacho, ungekibonyeza ungeambiwa kinachoendelea badala ya kukaa mnabuni.

Anti picha zangu zote zimetoka na uso wangu kwenye kioo. Na bora mchana au usiku?

Zima flashi, simu igusane kabisa na kioo, na vaa nguo nyeusi maana nyeupe inarudi kwenye kioo. Usiku ndani ya kibanda kukiwa na taa utapiga picha ya paji lako la uso tu. Mi napendelea upande kama nusu saa kabla jua halijazama, ukienda juu bado kuna mwanga na ukishuka taa za mji zimeanza kuwaka, tiketi moja umeona yote mawili. Ila foleni ya saa hizo ni ndefu na ukiwa na wa miaka 3 achana nayo, nenda asubuhi.

Shangazi, tuna mapacha wa miaka 4, na kama tuna uwezo wa kusafiri, si bora twende lile refu kuliko yote duniani moja kwa moja?

La Dubai hilo, mita 250 hivi, lilifunguliwa Oktoba 2021, likasimamishwa 2022 miezi michache tu baadaye, likarudi mwishoni mwa 2024. Kwa hio kabla hujakata tiketi ya ndege hakikisha linazunguka, lolote lile, maana haya magurudumu yanafungwa kwa matengenezo na hayakusubiri. Na mzunguko wake ni kama dakika 38. Mtu mzima atafurahi, lakini umesema una mapacha wa miaka 4, na mtoto wa miaka 4 dakika kumi za kwanza anashangaa, zilizobaki anauliza tunashuka saa ngapi. Kimo kwake hakina maana, mita 60 na mita 250 zote ni juu sana. Mtafutieni dogo la kuzunguka dakika chache, akishuka anasema tena, mnapanda tena. Hilo la Dubai nendeni nyie wawili, watoto waacheni kwa bibi.