Wachoma dhahabu hawaniamini: zebaki inadhuru vipi wakati haina moshi?

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye machimbo madogo mkoani Geita. Nikiwaambia watu wasichomee dhahabu jikoni, wananijibu, "Tumechoma miaka yote na hatujafa." Semina zimefanyika, mabango yamebandikwa. Nifanyeje?

JIBU: Mhudumu mwenzangu, hao si wakaidi. Wanaamini macho na pua zao, na mvuke wa zebaki, ile waliyoichanganya na dhahabu ili kuinasa na ambayo moto huitoa, hauna rangi wala harufu. Moshi wa kuni ukizidi, mtu hukohoa akatoka nje. Huu anauvuta amekaa kitako, mtoto mgongoni. Madhara huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira za ghafla, kusahau. Wengine watasema kalogwa.

Kuna jambo linalowapotosha wengi. Zebaki ya majimaji ikimezwa kwa bahati mbaya, karibu yote hupita tumboni bila kufyonzwa. Mvuke wake ni kitu kingine: takriban asilimia 80 ya unaovutwa huingia mwilini kupitia mapafu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Kitambaa puani hakiuzuii.

Mabango, kusema kweli, sina imani nayo sana. Peleka retoti mwaloni, pale wanapooshea dhahabu. Ni chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji. Mchomaji aweke humo tonge lake la dhahabu na zebaki, achomee nje, mbali na watu, na asikifungue kabla hakijapoa. Zebaki itadondoka kwenye kikombe cha maji mbele ya macho yao, karibu nusu ya uzito wa lile tonge. Waambie tu kwamba hiyo ndiyo waliyokuwa wakiivuta. Na kwa kuwa zebaki hununuliwa kwa pesa, kikombe kile kitawashawishi hata wasiojali afya.

Zebaki inayobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, usiisahau. Ikifika mtoni au ziwani, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo hulimbikizana kwenye samaki. Sangara mkubwa anayekula wenzake hubeba nyingi kuliko dagaa. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa unaoletwa na zebaki hiyo ya methili ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, watu waliupata kwa kula samaki na kombe wa ghuba yao. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo.

Anza na akina mama wenye majiko hayo. Sufuria iliyochomewa dhahabu isirudi kupikiwa uji.