Ukuta ni wa mwenye nyumba, bendera je?

Wiki hii mmeuliza iwapo mwenye nyumba ana haki ya kumzuia mpangaji kutundika bendera ya taifa kwenye roshani. Kwa maoni yangu anayo, mradi anachokataza kiwe ni kutundika vitu, si bendera.

Nasema hivyo kwa yaliyotokea katika jengo tunalokaa huku Tudor, Mombasa, mwezi wa Juni 2024, vijana walipokuwa wakiandamana kupinga Mswada wa Fedha wakiwa wamejitanda bendera mabegani. Kijana wa ghorofa ya pili aliifunga yake kwa kamba ya nailoni kwenye vyuma vya roshani, bila kutoboa ukuta wala kumzibia mtu dirisha. Siku ya tatu bawabu alitumwa aiteremshe, na kisingizio ni kwamba mkataba hauruhusu kuning'iniza kitu upande wa barabarani. Kweli hauruhusu, nimeusoma wangu. Lakini roshani ya juu yake ilikuwa na bendera ya klabu ya soka ya Uingereza, imekwisha kupauka kwa jua, na ya chini yake ilijaa kanga na mashuka yakipigwa na kusi, na bawabu hajawahi kutumwa huko.

Katiba yetu ya Kenya inalinda mali katika Ibara ya 40 na uhuru wa kujieleza katika Ibara ya 33, na sioni kwamba moja inaimeza nyingine. Marekani, Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2006 inayovikataza vyama vya wamiliki wa nyumba kuwazuia wanachama kupeperusha bendera ya nchi kwenye makazi yao, ila vikaachiwa kuweka masharti ya kiasi kuhusu muda, mahali na namna. Masharti hayo nayaafiki. Kinachonitia shaka ni kukingia kifua kitambaa kimoja tu, kwani anayetaka kulalamika kwa kitambaa kingine sheria hiyo haimsaidii.

Hofu ya mwenye nyumba naielewa, hasa hapa Mombasa. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hadi 1963, ilhali Mwingereza ndiye aliyekuwa akiutawala Mwambao, akiulipia kodi tangu 1895: yeye mpangaji, bendera ya mwenye mali. Kwa hiyo mtu wa hapa akiona bendera ukutani huuliza jengo ni la nani na liko upande gani, na mwenye nyumba hataki mpangaji wake amjibie swali hilo. Basi na aikataze kamba ya kila mtu, pamoja na ya mashuka.

Yule kijana hakugombana na bawabu. Aliihamishia bendera ndani akaifanya pazia, na usiku taa ikiwaka yaonekana vizuri kutoka barabarani. Kuhusu mapazia, mkataba haukusema neno.