Uingereza hodi hubishwa kutoka ndani

Wiki ya saba tangu nifike Sheffield, Uingereza, kusoma shahada ya uzamili, nilipata mafua ambayo kwetu Morogoro yangenipeleka moja kwa moja kupima malaria. Siku tatu sikutoka chumbani. Tulikuwa watu sita tunaotumia jiko moja, na ukuta kati yangu na jirani ulikuwa mwembamba hata nikisikia akipiga chafya. Hakuna aliyebisha. Siku ya nne nilipojikokota jikoni kuchemsha maji, jirani yule, kijana Mwingereza wa Cornwall, akaniuliza kama nilikuwa nimesafiri. Nikamwambia nilikuwa naumwa. Akakasirika kweli: mbona hukunitumia ujumbe? Na mimi nilikuwa nimeshamkasirikia tangu juzi: mbona hukuja kubisha?

Kwetu mlango ukikaa umefungwa siku mbili, jirani atakuja, na asipokuja utamkumbuka kwa hilo. Kwao mlango uliofungwa unasema niacheni, na adabu ni kuuacha hivyo hivyo. Wote wawili tulikuwa na adabu. Ila mimi ndiye niliyelala njaa.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka kuanzia Julai wadogo zangu wanaokwenda kusoma kule wananiuliza maswali yaleyale: nibebe koti gani, hela ngapi, unga unapatikana? Nitayajibu. Lakini lililonigharimu zaidi si baridi wala bei. Ni kukaa kimya nikisubiri mtu aone kwamba nina shida.

Siku zile tatu ziliangukia kwenye insha yangu ya kwanza. Niliikusanya ikiwa imechelewa siku mbili, alama zikakatwa, na nikanyamaza, maana kulalamika kwa mkubwa kuhusu mafua niliona ni deko. Kumbe kuna fomu ya mambo kama hayo. Ukiijaza mapema, unaongezewa siku, na hakuna anayekufikiria vibaya. Ukiijaza baada ya tarehe kupita, unaanza kueleza kwa nini hukuijaza mapema, na hapo hata ukweli wako unasikika kama kisingizio. Jifunze fomu hiyo iko wapi kabla hujaihitaji.

Insha yenyewe, kabla ya kukatwa, ilikuwa na 58. Nililia. Nyumbani sikuwahi kupata chini ya 70. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwa shahada ya uzamili kule 50 ni kufaulu, 60 ni vizuri, na 70 ndiyo daraja la juu kabisa. Wanaovuka 80 ni wa kuhesabu. Kwa hiyo 58 haikuwa msiba. Kilichoniuma zaidi ni maoni pembeni: umeeleza sana, wewe mwenyewe unasemaje? Nilikuwa nimepanga wataalamu wote mstari mmoja, kila mmoja na heshima yake, kama wazee kwenye kikao cha posa. Nani mimi nimpinge profesa aliyeandika kitabu nilichoazima? Wao wanataka umpinge, kwa hoja. Ukimnukuu bila kumhoji, wanaona hukumsoma.

Mhadhiri alikuwa na saa zake za kuonana na wanafunzi kila Jumatano. Nilidhani ni za wenye matatizo makubwa. Nilipokwenda wiki ya tisa, nilimkuta peke yake na kikombe cha chai, akanikaribisha kama mgeni aliyesubiriwa. Dakika ishirini zile zilinifaa kuliko mihadhara mitatu. Nenda wiki ya pili, hata kama swali lako ni dogo. Na ndiyo, utamwita kwa jina lake la kwanza. Mimi nilipiga chenga muhula mzima, nikianza barua pepe bila jina lolote, maana ningemwitaje mama wa miaka sitini kana kwamba tulicheza rede pamoja? Mwishowe nilizoea. Ulimi ulikuwa mzito kuliko moyo.

Salamu zitakuchanganya kidogo. Mtu atakupita kwenye korido na kukuambia "You alright?" huku hapunguzi mwendo. Mara ya kwanza nilisimama nikamweleza habari ya usingizi wangu. Alikuwa ameshafika mwisho wa korido. Lakini sisi tusijifanye hatuelewi: nani kwetu akiulizwa "habari za nyumbani" anajibu vingine zaidi ya nzuri, hata paa likiwa linavuja? Tofauti ni kwamba sisi baada ya nzuri tunakaa, na ukweli unatoka taratibu. Kule hakuna kukaa. Ukitaka kuongea, sema unataka kuongea, na mpange siku.

Sasa ya mzigo. Adapta ya umeme usinunue. Soketi zao za pini tatu ndizo hizi hizi zetu. Mimi niliuziwa Kariakoo na kijana aliyeapa kwamba bila hiyo simu itaungua. Koti zito pia liache. Fika na sweta, kisha nenda kwenye maduka ya hisani, yale yanayouza nguo zilizotolewa na watu. Nilipata koti langu mtaa wa Broomhill kwa pauni 8, na nilipoligeuza kuangalia lebo nilicheka peke yangu: makoti kama lile ndiyo tunayagombania mnadani, sasa nimelifuata kwenye chimbuko. Pesa uliyookoa nunua viatu visivyopitisha maji, kwa sababu Sheffield ni milima, na Novemba milima ile inateleza.

Giza ndilo hasa la kujiandaa nalo. Katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na tofauti yetu nao inatoka saa mbili kuwa tatu. Mwambie mama mapema, la sivyo utampigia akiwa amelala. Wenyewe wanashauriwa kumeza vitamini D majira ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaambiwa tufikirie kuimeza mwaka mzima. Vidonge ni bei rahisi. Nilivipuuza hadi Januari, nikawa nadhani uchovu wangu ni uvivu.

Jiandikishe kwa daktari wiki ya kwanza ukiwa mzima. Kwenye viza umeshalipa ada ya afya, ambayo sasa kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, kwa hiyo si msaada unaoomba. Kumwona daktari hulipi. Dawa ukiandikiwa, England, unalipa karibu pauni kumi kwa kila aina. Namba ya dharura ni 999, na 111 ni ya kuuliza pale usipojua kama ni dharura.

Kazi: viza nyingi za shahada zinaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mtego uko sehemu mbili. Kwanza, kwa uzamili kiangazi kwa kawaida si likizo, unaandika tasnifu, na 20 inabaki 20. Pili, kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu mara nyingi kunahesabiwa kujiajiri, na viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Utaambiwa na Watanzania wenzako kwamba kila mtu anafanya. Waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni, usiulize kikundi cha WhatsApp.

Chumba usikilipie hujakiona, wewe au mtu unayemwamini. Mimi nilibakiza kubonyeza tu pesa ziende kwa tapeli. Picha zilikuwa nzuri mno na mwenye nyumba alikuwa "safarini". Kodi ya manispaa, kama wote mnaoishi humo ni wanafunzi wa muda wote, hamlipi, ila barua ya kuthibitisha lazima uiombe chuoni. Unaona? Hata hiyo haiji yenyewe.

Na unga upo. Panda kuelekea Spital Hill, kwenye maduka ya Wasomali na Wayemeni. Mwenye duka mmoja alinisikia nikihesabu chenji kwa sauti, akaniuliza kwa Kiswahili cha Eastleigh ya Nairobi kama mimi ni wa Dar au Mombasa. Nikamwambia Morogoro. Akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu nzuri, akasukuma kiti kutoka nyuma ya magunia ya mchele, akauliza tena.