Kabla ya kunukuu, hesabu mabega

Wadogo zangu mnaoanza upasuaji wa mifupa, mara ya kwanza niliposimama mbele ya wenzangu kuwasilisha makala za bega bandia, nilikuwa nimekariri mahitimisho yote. Daktari bingwa aliyetusimamia akaniuliza neno moja tu: "Mabega mangapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile naanza na ukurasa wa mbinu: wagonjwa wangapi, waliumwa nini, walifuatiliwa kwa muda gani.

Chukueni makala ya Charles Neer, mpasuaji wa Marekani, ya 1955, juu ya kuweka kichwa bandia cha mfupa wa mkono. Vitabu vyote vinaitaja, na inastahili. Lakini ni wagonjwa 12, na wengi wao walikuwa wamevunjika. Mwenye bega lililolika kwa uzee mtafuteni katika makala ya Neer ya 1974.

Ninayoipenda zaidi ni kazi ya Paul Grammont, mpasuaji wa Dijon, Ufaransa. Tatizo lake lilikuwa wazee ambao kano zinazozunguka bega zimechanika kabisa, hivyo bega bandia la kawaida halikuwa na cha kulishika. Aligeuza mpangilio: tufe likakaa kwenye mfupa wa bega, kikombe kikakaa juu ya mfupa wa mkono. Mimi nililielewa jambo hili kwa chungwa na kifuu cha nazi. Shika chungwa lisisogee, lifunike kwa kifuu, kisha kizungushe: kitovu cha mzunguko hakihami. Grammont alikisogeza kitovu hicho ndani na chini, msuli wa deltoidi, ule unaofunika bega kwa nje, ukapata wenzo mrefu zaidi, ukaweza kuinua mkono bila msaada wa zile kano.

Sasa someni matokeo yake ya kwanza, ya 1987, yaliyoandikwa kwa Kifaransa: wagonjwa 8, miezi 6. Maumivu yaliisha kwa wote, ila watatu hawakufika hata nyuzi 60 za kuinua mkono. Mnaotoka Bujumbura au Bukavu, Kifaransa chenu ni mtaji hapa, maana wengi wanaonukuu makala hii wameisoma kwa kupitia wengine. Bega lenyewe likarekebishwa, likaja toleo la Delta III mwaka 1991. Wazo zuri lilihitaji miaka, na hilo linanipa heshima zaidi kwa Grammont.

Kwenye mivunjiko ya mfupa wa mkono karibu na bega, someni utafiti wa PROFHER wa 2015 kutoka Uingereza: wagonjwa 250, na kwa miaka miwili upasuaji haukushinda kufunga mkono kwa tanji, kitambaa cha kuuning'iniza shingoni. Ila waliokuwa na sababu ya wazi ya kupasuliwa hawakuingizwa. Nimewasikia watu wakiutumia kumkataza upasuaji mgonjwa ambaye asingekubaliwa kwenye utafiti huo. Hilo linaniuma.

Kisha shikeni makala ya Sirveaux na wenzake ya 2004, mabega 80 ya aina ya Grammont. Isomeni mkiwa na eksirei ya mgonjwa wenu mbele ya taa. Tazameni chini ya tufe, ukingo wa shingo ya mfupa wa bega: pale kikombe kinapogonga, mfupa huliwa ukabaki na pengo. Wao walilipanga pengo hilo kwa daraja 1 hadi 4. Pimeni la mgonjwa wenu, muandike daraja kwenye faili siku hiyohiyo.