Gia unayopandia ndiyo unayoshukia

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni barabara gani tungemwelekeza msomaji mwenye gari, siku mbili za mapumziko na hamu ya kuiona nchi. Jibu langu ni barabara ya vumbi ya Lushoto hadi Mtae, Usambara Magharibi. Ni kama kilomita 60 tu, lakini zitengee nusu siku nzima.

Mimi naishi Tanga. Kwa miaka mingi safari yangu ya mlimani ilikuwa inaishia Lushoto mjini: unaacha barabara kuu ya Moshi pale Mombo, unapanda lami kilomita 33 ukipita Soni kwenye maporomoko, unakwenda Irente kutazama bonde, Jumapili unarudi. Nilipooa ndipo nilipojua kwamba mlima wenyewe nilikuwa sijauanza. Mke wangu kwao ni Mtae, na Mtae iko mwisho wa barabara, nyumba zimejipanga juu ya ukingo wa mlima, pande zote mbili ni bonde.

Tulikwenda mara ya kwanza mwezi wa saba. Msitu wa Magamba ulikuwa umejaa ukungu, taa zimewashwa saa nne asubuhi, mikulo na mipodo inadondosha maji juu ya kioo. Mbega waliruka barabara mbele yetu, mikia myeupe inapepea. Ukitoka msituni, nchi inafunguka ghafla: mashamba ya kabichi, karoti na viazi yamepanda mpaka vileleni, udongo mwekundu, na barabara unaiona mbali ng'ambo ya bonde, mstari mwembamba uliochanjwa ubavuni mwa mlima. Unajiuliza kama kweli ndiyo hiyo hiyo unayoipita. Ndiyo hiyo.

Kupanda hakukunisumbua. Kilichonifundisha adabu ni kurudi. Kwenye mteremko mmoja mrefu wa changarawe nilishuka mguu ukiwa juu ya breki muda wote, nikidhani ndiyo tahadhari. Nikasikia harufu ya kuungua. Kisha pedali ikawa laini, ikazama chini, gari halishiki. Namshukuru Mungu upande wa ndani palikuwa na ukingo wa udongo. Nililiegemeza hapo taratibu likasimama. Mke wangu hakusema neno. Tulikaa chini ya mti karibu saa nzima mpaka magurudumu yakapoa.

Mjomba wake, aliyeendesha malori ya kabichi na viazi kwenye barabara hiyo maisha yake yote ya kazi, tulipomsimulia mkasa huo katika safari iliyofuata hakucheka. Alisema, "Mkwe wangu, gia unayopandia ndiyo unayoshukia." Kesho yake akakaa kiti cha kushoto, akanitoa mpaka kwenye kona iliyo kali kuliko zote, akaniambia nizime gari. Tukaishuka kona ile kwa miguu. Akanionyesha mahali changarawe zimejikusanya pembeni, zinazoviringika chini ya tairi kama punje za mahindi sakafuni, na mahali maji ya mvua yalipokata korongo. "Sasa umeiona kwa miguu. Kaendeshe."

Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu wageni wengi hawaambiwi. Breki inafanya kazi kwa msuguano, na msuguano ni joto. Ukiikanyaga bila kuipumzisha, joto linafika kwenye mafuta ya breki, yanachemka, na mvuke unabonyea pale ambapo mafuta hayabonyei. Hapo pedali inakuwa tupu. Injini ikiwa kwenye gia ya kwanza au ya pili inalizuia gari yenyewe, na breki unaigusa tu. Mwenye gari la otomatiki asishuke na D; ashushe kwenye 2 au L, yaani gia za chini. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, kwa sababu ukikanyaga breki katikati ya kona yenye changarawe, gari linaendelea kule lilikokuwa linaelekea, na kule hakuna kitu. Piga honi kwenye kila kona usiyoiona. Anayepanda na mzigo apishwe, hata kama wewe ndiye utakayerudi nyuma. Msimu wa masika usiende kabisa na gari dogo.

Na mkipita vijijini, tafadhali punguzeni mwendo. Lukozi siku ya soko barabara ni ya watu: kina mama wenye matenga kichwani, watoto, bodaboda zilizofungwa magunia. Vumbi lako wanalila wao.

Kuna jamaa zangu husema barabara ile isiwekwe lami, itapoteza uzuri wake. Siwezi kukubaliana nao. Mvua ikinyesha wiki nzima, lori linakwama na kabichi za mtu zinaoza shambani. Mama mjamzito anayetakiwa hospitali anasubiri mvua ikate. Mimi ni mgeni wa siku mbili. Lami ikifika Mtae nitafurahi, na mandhari hayatahama.

Mkifika, laleni. Ukingoni unatazama kaskazini, chini kabisa, tambarare ya Mkomazi inakwenda mpaka Kenya, kushoto milima ya Upare, na kukipambazuka bila mawingu Kilimanjaro inaonekana. Amkeni mapema, maana wingu likishajaza bonde huoni kitu.

Mjomba siku hizi macho hayamruhusu kuendesha. Jioni anakaa barazani na blanketi begani, nami hukaa naye. Gari likisikika huko chini kwenye kona, halijaonekana hata taa, anainua kidole tunyamaze. Anasikiliza.

"Huyu yuko gia ya pili," anasema. "Mwekeeni chai."