Maswali ya Wasomaji: Nani Ameandika Nini katika Kazi ya Pamoja?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu huandika insha kwa makundi katika Google Docs. Hivi karibuni mwanafunzi mmoja alifuta aya za wenzake, na katika makundi mengi mmoja huandika huku wengine wakimtazama. Nifanyeje, na nitamtunuku vipi kila mmoja alama anazostahili?

JIBU: Mwalimu, aya hizo hazijapotea. Programu hiyo huhifadhi matoleo ya hati kadiri inavyoandikwa, na mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kuyafungua kupitia menyu ya faili. Usikimbilie kurejesha toleo zima la zamani, kwa sababu yaliyoandikwa baada yake yataondoka katika hati. Nakili aya zilizofutwa tu, kisha uzibandike mahali pake.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, na kwa maoni yangu chanzo chake ni kazi yenyewe kuliko programu. Insha hubebwa na hoja moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ni kawaida mwanafunzi mwenye hoja hiyo kichwani aishike kalamu na wengine wabaki kumsubiri. Ukiwapa kazi inayogawanyika kwa asili yake, kama vile jedwali la matokeo ya jaribio ambamo kila mmoja hujaza safu aliyoipima mwenyewe, au ulinganisho wa vyanzo kadhaa vinavyoeleza tukio moja la kihistoria, hakuna atakayekosa la kuandika. Ikiwa ni lazima iwe insha, kila mwanafunzi aandike rasimu yake katika hati yake kwanza, nao wenzake wapewe ruhusa ya kutoa maoni pekee, ambayo huwawezesha kupendekeza marekebisho bila kufuta neno lolote. Kuunganisha rasimu kuje baadaye, kwa majadiliano ya ana kwa ana. Nashauri hivyo kwa sababu ruhusa ya kuhariri hutolewa kwa hati nzima: huwezi kumfungulia mwanafunzi aya yake na kumfungia ya jirani yake.

Kuhusu alama, historia ya matoleo huonyesha akaunti ipi iliandika nini na lini, lakini haionyeshi nani aliyefikiri. Aliyeandika daftarini nyumbani na kubandika kila kitu kwa dakika moja ataonekana mvivu, na wawili wanaotumia simu moja wataonekana mtu mmoja. Itumie historia hiyo kuibua maswali, isiwe mizani ya kupimia alama. Mimi ningetoa alama moja kwa kundi zima na nyingine kwa kila mwanafunzi, hii ya pili ikitokana na maoni aliyowaandikia wenzake pamoja na maelezo mafupi ya mdomo kuhusu sehemu iliyoandikwa na mtu mwingine, kwani asiyeshiriki hukwama papo hapo.

SWALI: Je, watoto ambao hawajatimiza miaka 13 wanaweza kutumia programu hizi?

JIBU: Wanaweza, ila si kwa kudanganya tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo baadhi ya walimu hulifumbia macho. Katika nchi nyingi Google huruhusu mtu kusimamia akaunti yake mwenyewe kuanzia miaka 13. Aliye chini ya hapo huhitaji akaunti inayosimamiwa na mzazi, au ile inayotolewa na shule kwa idhini ya mzazi. Njia nyingine ni Etherpad, programu huria inayoweza kusakinishwa kwenye kompyuta ya shule na kutumika katika mtandao wa ndani hata intaneti inapokatika. Mtoto huingia bila akaunti, huandika jina lake na kupewa rangi yake, nawe unaweza kurudisha nyuma na kutazama maandishi yalivyojengeka. Hata hivyo, kwa kawaida yeyote mwenye kiungo cha ukurasa huweza kuuhariri, kwa hiyo pakua nakala kila kipindi kinapomalizika.